Mwiba Humlinda Mwenye Mwiba

Mhariri amenipa nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili, nami nitaitumia kwa jambo moja ambalo wengine wameliona dogo. Muhula huu, katika mkutano wa chama chetu cha kilimo, lilitolewa shauri kwamba shamba la mboga la shule lizungushiwe ua wa mpungate. Sababu zilizotolewa si mbaya. Mbuzi wa jirani huingia karibu kila siku, sukuma na maharagwe hayakomai, seng'enge ni ghali, na ile iliyokuwapo imekwisha kuibiwa. Mpungate haununuliwi. Wakata kipande, wakitia ardhini, nacho chaota chenyewe. Tena una miiba. Walioliunga mkono shauri hili walikuwa wengi, na baadhi ya ndugu zetu waliosoma hapa zamani wamekwisha kuahidi kutuletea vipande vya kupanda.

Mimi nalipinga shauri hili, nami naomba wasomaji wanivumilie nieleze sababu zangu. Mkutanoni tulisema sana juu ya mbuzi na juu ya fedha, lakini hakuna aliyeuliza swali lililo la kwanza: mwiba wa mpungate una kazi gani, na kazi hiyo unamfanyia nani?

Yafaa tujue kwanza twazungumza juu ya mmea gani, maana hapa kwetu watu wengi huita kaktasi kila mmea wenye shina la kijani na miiba. Yale majiti makubwa ambayo matawi yake husimama kama kinara cha mishumaa, na ambayo huota penye mawe na vichuguu katika nchi za Uganda na Kenya, si kaktasi hata kidogo. Hayo ni yuforbia, jamaa ya mnyaa na ya muhogo. Ukiyakata hutoka maziwa meupe yachomayo ngozi, na yakiingia jichoni yaweza kulipofusha. Mpungate ukiukata hutoka ute kama wa bamia. Miiba ya yuforbia hukaa miwili miwili juu ya pembe za shina, bali miiba ya mpungate hutoka kwa pamoja katika doa dogo lenye sufi, na doa hilo ndilo alama ya jamaa nzima ya kaktasi. Yuforbia ni mwenyeji wa hapa. Kaktasi asili yake ni Amerika, ya Kaskazini na ya Kusini. Katika aina zake zaidi ya 1,000, ni moja tu ionekanayo kuwa mwenyeji wa Afrika, nayo nitaitaja baadaye. Mimea hii miwili imefanana kwa sababu imekaa katika shida za namna moja, yaani jua kali na kiu, wala si kwa sababu ni ndugu.

Sasa tuje kwenye mwiba wenyewe. Mwiba wa kaktasi ni jani lililogeuka. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili amepata kuandika katika mtihani kwamba miiba ya kaktasi hupunguza maji yanayopotea. Jibu hilo hupata alama, lakini ni nusu ya kweli. Kinachookoa maji ni kukosekana kwa jani pana. Jani pana lina vitundu vingi vya kupumulia, na kwa vitundu hivyo maji huondoka kuwa mvuke. Kaktasi imeacha majani, na kazi ya kutengeneza chakula imelipa shina lake la kijani, lenye ngozi nene iliyopakwa nta. Vitundu vya shina hilo hufunguka usiku wakati wa baridi, na hufungwa mchana. Hivyo ndivyo maji yanavyookolewa.

Lakini hapo ndipo shida nyingine inapoanza. Mmea uliojaza maji shinani, katika nchi ambayo kila mnyama ana kiu, ni mtungi uliowekwa njiani. Hauwezi kukimbia wala kujificha. Basi jani lililoachishwa kazi ya kupika likapewa kazi ya kulinda. Hii ndiyo kazi kubwa ya mwiba, nayo hakuna asiyeijua.

Ziko na kazi nyingine. Kaktasi nyingine zina miiba mingi sana, myembamba na myeupe kama mvi za mzee, na miiba hiyo hukinga shina kwa jua la mchana na kwa baridi ya usiku, kama vile paa la nyasi linavyokinga nyumba. Juu kabisa, penye ncha ichanga ya mmea, miiba husongamana zaidi, kwani ncha ikiungua au ikiganda, mmea haukui. Tena mwaka 2012 wataalamu wa China walieleza jinsi aina moja ya mpungate wa jangwa la Mexico inavyonasa ukungu kwa miiba yake. Matone madogo hushika kwenye ncha, na kwa kuwa mwiba ni mwembamba nchani na mnene shinani, matone husukumwa kuelekea chini mpaka yakafika kwenye ngozi na kunywewa. Na ziko kaktasi ambazo vipande vyake hukatika upesi vikiguswa. Mnyama akipita, miiba humshika manyoya, naye huchukua kipande mpaka mahali pengine, kikaanguka na kuota. Kumbukeni kazi hii ya mwisho, maana nitairudia.

Tena mwiba si kitu cha bure. Mmea hutoa chakula chake ili kuutengeneza, na mimea mingine huonyesha wazi kwamba hailipi gharama hiyo pasipo haja. Huko Laikipia, katika kituo cha utafiti cha Mpala, tangu mwaka 1995 wataalamu wamezungushia vipande vya pori ua ili wanyama wasiingie. Ndani ya ua huo kuna migunga ya aina ile yenye vinundu vyeusi vikaliwavyo na sisimizi. Matawi yaliyokuwa yakiliwa zamani na twiga na wenzake, yalipokosa mlaji, yakaanza kutoa miiba mifupi zaidi. Mgunga, ulipoona adui haji, ulipunguza askari.

Na ile kaktasi moja ya Afrika niliyoitaja? Haikai jangwani. Hukaa juu ya miti katika misitu yenye mvua, ikining'inia kama kamba za kijani, mahali ambapo maji si shida na mbuzi hafiki. Nayo ikisha kukomaa haina miiba.

Mfano wa tatu watoka Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Luther Burbank, mtu wa California aliyesifika kwa kuzalisha mimea mipya, alichagua mipungate isiyo na miiba ili ng'ombe wapate malisho katika nchi kavu. Mimea ikapatikana. Lakini mpungate usio na miiba huliwa na kila mnyama apitaye, basi wenye kuupanda wakalazimika kuuzungushia ua. Ua wenyewe ukahitaji ua!

Sasa ndugu zangu, tuyaweke pamoja haya yote. Mwiba hulinda maji ya mpungate, hukinga shina la mpungate, hunywesha mpungate, na huchukua watoto wa mpungate kwenda kukaa penginepo. Katika kazi hizi zote hakuna hata moja ya kulinda sukuma. Mwiba humlinda mwenye mwiba. Sisi tukipanda mpungate kuwa askari wa shamba letu, twaajiri askari mwenye bwana wake mwingine. Kwa muda kazi yake na haja yetu vitapatana. Siku vitakapoachana, yeye hatatuuliza.

Sisemi haya kwa kukisia, kwani yamekwisha kutokea katika nchi jirani, na mwanzo wake ulikuwa kama huu wetu. Mpungate uliletwa Laikipia wakati wa ukoloni uwe ua na pambo la nyumba. Leo umefunika malisho mengi ya wafugaji huko kaskazini mwa Laikipia. Ng'ombe na kondoo walikula majani mpaka ardhi ikawa tupu. Mpungate haukuliwa, kwa sababu ya miiba, basi ukapata nafasi yote. Tembo na nyani hula matunda yake matamu na kuzitawanya mbegu mbali. Na wakati wa njaa, mbuzi wakikosa kitu kingine, hula hayo matunda pia. Hapo ndipo msiba. Mbali na miiba mirefu ambayo kila mtu huiona, mpungate una miiba midogo kama nywele, iliyo mamia katika kila doa. Ukiitazama kwa hadubini utaona kwamba ina ndoana ndogo ndogo, ikiingia hairudi. Miiba hiyo hushika midomo ya mbuzi, ufizi, ulimi, macho na hata matumbo. Mbuzi hupata vidonda, wengine hupofuka, wengine hawawezi tena kula wakafa.

Australia walipata makubwa kuliko hayo. Mipungate ya kwanza ilifika huko mwaka 1788, kwa kuwa wako wadudu wakaao juu yake ambao hutoa rangi nyekundu ya kutia nguo. Aina nyingine zikaletwa baadaye kuwa ua na mapambo. Kufika miaka ya 1920 mpungate ulikuwa umeenea katika eneo la hekta kama milioni 24, na wakulima wengine waliacha mashamba yao wakahama. Walijaribu moto, sumu na mapanga. Mwaka 1925 wakaleta kutoka Argentina mayai ya nondo mmoja mdogo, ambaye viwavi wake hutoboa mpungate na kuula kutoka ndani. Haikupita miaka kumi, sehemu kubwa ya mipungate ile ikaoza. Watu wa kijiji cha Boonarga, katika jimbo la Queensland, walijenga ukumbi mwaka 1936 wakaupa jina la mdudu huyo kwa kumshukuru.

Habari hii yatufundisha jambo ambalo naona ndilo kiini cha maneno yangu. Kwao Amerika, mpungate una miiba ya kuzuia wanyama wakubwa, lakini una adui wadogo ambao mwiba hauwawezi, yaani viwavi na wadudu wafyonzao utomvu. Hao ndio wanaoupunguza. Mtu alipouchukua kuupeleka nchi nyingine, aliuchukua pamoja na silaha zake zote, akawaacha adui zake nyumbani. Ndiyo maana Laikipia nao wameleta wadudu wa kufyonza mpungate, kazi ambayo bado yaendelea na yahitaji subira.

Wasomaji wa Busia hawahitaji kwenda Australia ili wayaamini haya. Waulizeni wavuvi wa Majanji upande wa Uganda, na wa Sio Port na Port Victoria upande wa Kenya, juu ya gugu maji. Nalo asili yake ni Amerika ya Kusini, nalo lilipendwa na watu kwa maua yake mazuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 likaziba ghuba na bandari, mitumbwi ikashindwa kupita. Lilipungua sana baada ya kuletwa fukusi wadogo walao majani yake, ambao pia wametoka kwao. Halikwisha, na hata sasa hurudi mara kwa mara. Gugu maji halina mwiba hata mmoja, lakini hadithi ni ile ile. Mgeni aliacha adui zake nyumbani.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimekwisha kuyasikia bwenini.

Wengine watasema, "Laikipia ni kukavu, bali sisi twapata mvua mara mbili kwa mwaka. Hapa majani yataushinda mpungate." Hoja hii ina nguvu, nami sisemi kwamba Tororo itakuwa Laikipia mwaka ujao. Lakini tusisahau kwamba kwetu pia kuna majabali, kuna kingo za barabara, na kuna malisho yaliyoliwa mpaka udongo ukaonekana. Mpungate hautafuti shamba zuri. Hutafuta mahali ambapo wengine wameshindwa, na mahali kama hapo pazidi kuongezeka kila mwaka. Tena tukumbuke kwamba twakaa mpakani. Sisi hutakiwa kuonyesha karatasi tukivuka Busia au Malaba, hata tukienda kumsalimu shangazi. Ndege aliyekula tunda haonyeshi karatasi, wala kipande cha mpungate kikichukuliwa na maji ya mto Sio au mto Malaba hakiulizwi habari na forodha. Tutakachopanda upande mmoja kitakuwa mzigo wa ndugu zetu wa pili, nao hawakuwamo mkutanoni.

Wengine watasema, "Mbona mahindi na muhogo pia vimetoka Amerika?" Ni kweli, wala mimi sichukii mmea kwa kuwa ni mgeni. Ningekuwa hivyo ningelala njaa kila siku. Lakini mahindi yakiachwa bila jembe hufa. Hayajawahi kufukuza mtu shambani mwake. Mgeni wa kuogopwa ni yule asiyemhitaji mwenyeji.

Wengine watasema kwamba mpungate huliwa. Hilo nalo ni kweli. Watu wa Tigray huko Ethiopia hula matunda yake na kuyauza, na watu wa Mexico hupika vipande vyake vichanga, hata katika bendera yao wameuchora mpungate na tai juu yake. Lakini watu wa Mexico wako nao tangu kale, na adui zake wako nao hapo hapo. Sisi twautaka kwa ajili ya mbuzi wa jirani tu.

Na wa mwisho watasema, "Tutaupogoa." Nani? Watakaopewa kazi hiyo ni wadogo zetu wa kidato cha kwanza, nao wataingia darasani mikono imejaa nywele zisizoonekana, wasiweze kushika kalamu. Kila kipande watakachokikata na kukitupa jalalani kitaota jalalani. Tena shule ina likizo. Kutoka mwisho wa Novemba mpaka kufunguliwa kwa shule hakuna mtu wa kupogoa, lakini mpungate hauendi likizo. Nasi tutakaokuwa tumeupanda tutakuwa tumemaliza masomo, tumetawanyika Kampala, Kisumu na Nairobi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini huu hatutajichoma sisi. Tutawachoma watakaokuja nyuma yetu.

Mtu akipinga shauri yampasa kutoa lingine. Langu ni hili. Tupande mnyaa. Mnyaa hauna mwiba, lakini una maziwa makali, na mbuzi huupita mbali. Wazee wetu wa pande zote mbili za mpaka wameutumia kwa ua na kwa mipaka ya mashamba tangu zamani, na hatujasikia kwamba umekula nchi ya mtu. Nao una hatari yake, nisiifiche: maziwa yake yakiingia jichoni huumiza vibaya. Kwa hiyo wapandaji wawe wakubwa, wafundishwe, wasijipanguse uso kwa mikono, na wanawe kwa sabuni wakimaliza. Mnyaa huchukua muda kushikana. Katika muda huo tuzibe nafasi kwa matawi makavu ya mgunga, kama wafugaji wafanyavyo katika maboma yao. Mwiba mkavu huchoma sawasawa na mwiba mbichi, lakini hauzai. Ukiisha kazi wautia motoni na kupikia maharagwe.

Na ndugu zetu waliotuahidi vipande vya mpungate, nawaomba kwa heshima wasivilete. Kama bado wana nia ya kutusaidia, watupe fedha kidogo za majembe na za glavu za wapandaji.

Mwisho, liko jambo jingine ambalo hatujalifanya. Jirani mwenye mbuzi hajaambiwa neno lo lote na ye yote katika sisi. Tumekaa mikutano miwili juu ya miiba ya kumzuia, wala hatujatuma hata mtu mmoja kwenda kumpigia hodi. Naona yafaa mwalimu wetu wa kilimo na wanafunzi wawili wakubwa waende kwake jioni moja, wamsalimu, wamweleze hasara yetu, na kumwomba awafunge mbuzi wake mpaka mboga zikomae. Huenda akakubali, huenda akakataa. Lakini ni mzee wa watu, na watoto wake wawili wamesoma katika shule hii.

Haya ndiyo maoni yangu. Mkutano ujao wa chama utapiga kura kabla ya mvua za kupandia. Aliye na maoni mengine na ayaandike katika kurasa hizi, nami nitayasoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita